Bwawa Lililofutika Pichani

Tarehe 8 Juni

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linakuacha ulale. Huku sote wazima. Mama amepata kazi ya kushona sare za shule na nyumba imejaa vipande vya kitambaa cha buluu, hata kwenye wali tunaokota nyuzi. Mdogo wangu ameng'oka jino la mbele, sasa akitamka "samaki" anapiga mluzi bila kutaka. Baba amerudi safari juzi. Anakusalimu, na anaomba akikupigia simu usiseme "salama" halafu ukakata.

Bibi, nimepata mahali pa kujifunza kazi. Tangu nimalize mtihani nilikuwa nakaa tu nikisubiri matokeo, na unajua nilivyo, mtu akibisha hodi mimi naingia chumbani. Mama akachoka. Amenipeleka kwa mteja wake mmoja, mama mnene anayecheka kwa mabega, ambaye ni mkuu katika ofisi inayofuatilia mvua, maji na mimea kwa ajili ya wakulima. Kila mtu anamwita Mama Ramani. Chumba chetu kina feni inayolia, pazia moja lililofifia kwa jua, na kompyuta nne.

Kazi yenyewe nitakueleza kama nilivyoelezwa. Juu sana, kupita mawingu, kuna chombo kinachozunguka dunia, kinaitwa setilaiti. Kinapiga picha za ardhi, na kila baada ya siku chache kinarudi palepale. Kwenye picha zetu mimea yenye afya ni kijani, iliyochoka ni njano, ardhi tupu ni kahawia, na maji ni meusi. Siku ya kwanza Mama Ramani alivuta kiti akaniambia, "Tafuta kwenu." Nikafuata barabara, nikapita kilima, nikafuata mto mkavu unapopinda. Na hapo, Bibi, nikaliona bwawa letu! Miraba midogo michache myeusi imekaa pamoja kama kokwa za tikiti. Bwawa alilochimba Babu kwa jembe linaonekana kutoka mbinguni. Nilitaka kumshika mtu mkono, lakini sikuwajua bado, nikashika meza.

Nilipomsimulia Baba wakati wa chakula, aliweka kijiko chini. Akasema, "Basi wewe ndiye jicho langu. Siku hilo bwawa likikauka, uniambie. Siku hiyo nakwenda na lori, namleta mama yangu hapa, na shamba tutalikodisha. Mwaka ule wa ukame nilikuwa mtoto, nilimwona akichota tope. Sitaki kumwona hivyo tena."

Mama alimwongezea mchuzi.

Mjukuu wako anayekukumbuka sana.


Tarehe 24 Juni

Mke mwenzangu Kimya,

Marahaba. Goti linaniacha nilale, halafu linaniamsha. Kuku wawili wametaga, mmoja anajidai tu. Jirani yangu Mama Mbuzi anakusalimu, amekuletea na maneno mengi ambayo siyaandiki kwa sababu karatasi ni moja.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Nimefurahi umepata kazi na nimefurahi zaidi umetoka chumbani. Sasa niambie, hilo jicho la juu linaona mpaka anayeoga? Kama linaona niambie mapema nihamishe bafu, sitaki mambo yangu yakafike ofisini kwenu.

Mwambie mwanangu kwamba mimi si mfuko wa saruji wa kupakiwa kwenye lori. Nilimzaa mimi, kwa hiyo najua kichwa chake kilivyo kigumu, alikitoa hapa. Habari za mwaka ule wa ukame sizungumzi. Simu nakata kwa sababu sikio moja limestaafu na lililobaki linasikia kelele tu. Mambo yangu yaje kwa barua.

Nina swali, na wewe si uko kwa wataalamu. Maji ya bwawa yanakwenda wapi? Mbuzi wakinywa nawaona. Mboga namwagilia kwa ndoo, najua ngapi. Lakini bwawa linashuka kuliko tunavyochota. Wengine hapa wanasema limetoboka chini. Babu yako alikanyaga udongo ule kwa miguu mpaka ukawa kama chungu. Sikubali kwamba limetoboka. Uliza, unijibu.

Ni mimi, mwenye mume.


Tarehe 15 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako tuliisoma sote. Mama alicheka mpaka akajichoma sindano, na Baba alitoka nje ili tusimwone akicheka. Mdogo wangu jino jipya limechungulia. Mambo ya kuoga uwe na amani: mraba mmoja kwenye picha ni hatua kumi kwa kumi. Wewe huonekani, hata ukioga na Mama Mbuzi.

Swali lako nimelipeleka. Ilinichukua siku mbili kupata ujasiri wa kuuliza, halafu jibu lilikuwa uani kwetu siku zote. Pale uani pana kipimamvua, na kando yake pana beseni pana la chuma, limewekwa juu ya mbao na kufunikwa kwa wavu ndege wasinywe. Kila asubuhi mimi ndiye ninayepima maji yamepungua kiasi gani. Hakuna anayechota humo. Hakuna tundu. Lakini siku ya jua kali na upepo yanashuka karibu upana wa ukucha wa kidole changu kidogo.

Ni jua, Bibi. Jua linakunywa.

Nikasema moyoni, ukucha ni kitu gani? Mama Ramani akachukua kikokotoo. Akaniambia nichukue ukucha ule niutandaze juu ya bwawa lenu zima, kila siku, tangu sasa hadi mvua za Novemba. Aliponionyesha jibu nilikaa chini. Jua linakunywa kuliko mbuzi wote, kuliko mboga zote. Babu hakukosea, udongo wake umeshika. Maji yanapanda mbele ya macho yetu na hatuyaoni. Tangu siku ile kila nikipita kwenye dimbwi natazama hewa iliyo juu yake. Naona kama juu ya kila bwawa kuna bwawa lingine linalopanda.

Sasa habari isiyo nzuri. Kwenye picha ya wiki hii kilima chote cha kwenu kimetoka njano na kuwa kahawia, na zile kokwa za tikiti zimepungua. Mvua ziliisha mapema mno. Baba ameniuliza, nikamwambia maji yapo, na ni kweli yapo. Je, yako kiasi gani, Bibi? Mboga zinaendeleaje? Niandikie kweli.

Mjukuu wako.


Tarehe 9 Agosti

Mke mwenzangu,

Marahaba. Sote wazima, na kuku yule wa kujidai tumemla. Mboga zipo. Maji yapo. Upepo ni mwingi.

Jua lina adabu mbaya, kunywa kwa watu bila kubisha hodi. Nimelala nikiliwaza hilo beseni lako. Hebu niambie, ukilifunika linakuwaje? Si wavu, nasema kulifunika hasa, jua lisione ndani. Jaribu halafu uniandikie, usiandike mambo mengine kwanza, anza na hilo.

Na mwambie baba yako anitumie kamba ya mkonge, nyingi, ile nyembamba ya kusukia. Akiuliza ya nini, mimi msusi wa majamvi tangu hajazaliwa, asiulize.

Nina haraka, wanawake wananisubiri.

Bibi yako.


Tarehe 1 Septemba

Bibi yangu,

Naanza na beseni kama ulivyoagiza, shikamoo itafuata.

Beseni la ofisi haliguswi, kwa hiyo niliazima mawili ya plastiki kwa msafishaji wetu. Nikajaza maji sawasawa, nikayaweka uani, moja wazi, lingine nimelifunika kwa ubao unaoelea ndani yake. Karani wetu mmoja akapita akasema, "Kimya, unapika nini?" Alipopita tena baada ya wiki moja aliinama mwenyewe. Lile la wazi lilikuwa limeshuka hata mtoto angeona. Lile la ubao, Bibi, kama vile jua lilikuwa halijaambiwa kwamba lipo! Mama Ramani hakucheka. Aliingiza kidole kwenye moja, akaingiza kwenye la pili, akabaki ameinama hivyo kwa muda, kidole majini, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa mapigo.

Shikamoo. Huku wazima. Kamba Baba amekutumia kwa dereva mwenzake, mabunda matatu. Alinung'unika kwamba majamvi hayo utayauza kwa nani wakati huu wa ukame. Mimi pia najiuliza, lakini sisemi.

Hukunijibu kuhusu bwawa. Uliandika "maji yapo" halafu ukaandika upepo.

Mjukuu wako.


Tarehe 27 Septemba

Bibi,

Shikamoo. Barua hii haina habari za nyumbani, unisamehe.

Leo asubuhi imeingia picha mpya. Siku ilipopigwa anga ilikuwa safi, hakuna hata wingu la kusingizia. Nikafuata barabara, nikapita kilima, nikafuata mto unapopinda. Bwawa halipo. Hakuna mraba hata mmoja mweusi. Mahali pake ni kahawia tu, kahawia ileile ya majani makavu kama kilima kizima. Nikafunga kompyuta nikaiwasha upya. Nikafuata barabara tena, polepole, kama mtu aliyepotea njia ya kwenda kwao. Halipo.

Hadi mwezi uliopita, kabla mawingu hayajaziba picha, lilikuwepo, dogo, lakini lilikuwepo. Limekwendaje haraka hivyo?

Kwenye simu juzi ulimwambia Baba "salama, maji yapo" ukakata. Bibi, unakunywa nini? Unachota wapi? Tafadhali usinifiche mimi. Akiniuliza sitajua pa kuweka uso, kwa sababu uongo ukinitoka mdomoni unaonekana kwenye masikio yangu, wewe mwenyewe ulisema hivyo. Na nikimwambia, najua kitakachofuata, na ni mimi nitakuwa nimekung'oa kwako. Nijibu upesi kabla hajarudi safari.

Mjukuu wako.


Tarehe 10 Oktoba

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Baba mwenyewe, kwa hiyo ukiisoma tayari unajua.

Nilingoja jibu lako kila siku. Barua yangu haijakufikia au umeamua kunyamaza, sijui. Jana wakati wa chakula aliniuliza, "Bwawa?" Neno moja tu. Nikatazama sahani. Mdogo wangu akasema, "Masikio yamekuwa mekundu!" Basi nikasema. Nilisema bwawa limetoweka kwenye picha.

Hakugomba. Aliosha mikono, akatoka, na nikamsikia anafagia saruji kwenye lori kwa muda mrefu. Amefagia vizuri sana, Bibi, ametandika na godoro ili goti lako lisiumie njiani. Mama amekutengea chumba cha kushonea. Mimi nimebandua picha zangu ukutani ili ubandike zako.

Ukinikasirikia nitaelewa. Lakini ukifika, naomba tulale chumba kimoja.

Mjukuu wako.


Tarehe 17 Oktoba

Mke mwenzangu Kimya,

Marahaba nyingi. Keti chini, barua hii ni ndefu na nimeiandika kwa raha.

Barua yako ya mwisho wa Septemba nimeipata siku moja na baba yako, maana iliachwa dukani na mwenye duka akaifanya alama ya kitabu chake cha madeni. Kwa hiyo sikukunyima jibu, nilinyimwa swali.

Baba yako alifika asubuhi. Lori lile hata mimi nililisikia, basi ujue lilivyokuwa linanguruma. Akashuka, akanipita bila hata shikamoo, moja kwa moja bwawani. Nikamfuata na fimbo yangu. Nilimkuta amesimama ukingoni. Mbele yake majani makavu, kutoka ukingo hadi ukingo. Akakaa chini palepale.

Akasema, "Mama, ulisema maji yapo."

"Yapo."

"Yako wapi?"

"Vua viatu."

Akaniangalia kama akili zimenihama. Lakini mtoto wangu nilimlea, akavua. Akapiga hatua juu ya yale majani, akadhani amekanyaga ardhi. Kimya, mtu mzima yule alizama mpaka kiunoni, na soksi zake! Akapiga yowe la mtoto wa miaka minne. Mama Mbuzi akaja mbio na ufagio, akidhani ni nyuki.

Ni majamvi, mjukuu wangu. Bwawa zima nimelitandika majamvi. Ulipoandika kwamba jua linakunywa, nikasema basi tulifumbe macho. Matete tulikata palepale ukingoni. La kwanza lilizama kama mkate kwenye chai. La pili likaelea asubuhi, jioni likazama. Watu wakaja kutazama, wakasema bibi amewatandikia vyura kitanda. Kisha Mama Mbuzi, ambaye akili yake huja akiwa amechoka, akaleta madumu matupu ya mafuta ya kula, tukafunga pembeni. Likaelea. Siku ya tatu bado linaelea. Tukabaki tunaliangalia tu, wanawake wazima. Niliinua pembe moja nikaingiza mkono. Chini yake maji yalikuwa baridi kama ya mtungi. Tulipopata barua yako ya yale mabeseni mawili niliwasomea wote, basi wakakata matete kama wamelipwa.

Sikukwambia kwa sababu mbili. Ungemwambia baba yako kwamba mama yake mwenye goti bovu anaingia majini na majamvi, angefika kesho yake. Na kama yangezama yote, nilitaka niaibike peke yangu na vyura. Nilisema wacha Septemba ipite kwanza, ndiyo inayoua mabwawa.

Lakini kwamba jicho lenu lingekuta halipo, hilo sikuliwaza hata kidogo. Mimi na wanawake saba na madumu ya mafuta, tumelificha bwawa mbingu isilione! Nimewasomea. Hakuna aliyecheka. Mama Mbuzi alitazama juu, akajifunga khanga vizuri.

Baba yako alisimama mle majini muda mrefu. Akayachota kwa viganja akanywa. Akanawa uso, halafu akaendelea kunawa zaidi ya inavyohitajika, nami nikageuka nikatazama kilima. Alitaka kuniuliza kuhusu mwaka ule wa ukame. Nikampa kamba afunge jamvi lililolegea. Alifunga, akafunga na la pili. Amekaa siku nne, na anasuka vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha.

Alipoondoka alisema, "Utabaki, Mama. Lakini majini huingii tena." Nimemkubalia nusu.

Wewe usijilaumu. Uliona, ukasema. Ndivyo nilivyokuzoea.

Bibi yako, niliye kwangu.


Tarehe 4 Novemba

Bibi yangu,

Shikamoo, na shikamoo kwa wote saba. Huku wazima. Baba alirudi na lori tupu na matope kwenye nywele, akala sahani mbili bila kusema. Halafu akasema, "Nilizama, mwanangu," akaanza kucheka, na Mama akaacha cherehani kuja kumtazama. Godoro bado liko kwenye lori, analilalia safarini.

Barua yako nililala nayo. Nimejaribu kuwaza chombo kile kikipita juu yenu, kimya, kinaona nchi nzima kwa wakati mmoja, mito, misitu, miji, na kwamba chini yake wewe umeketi unasuka. Siwezi kuliwaza lote kwa pamoja. Nikilishika upande mmoja, upande wa pili unaniponyoka.

Mvua bado. Wakubwa hapa wanasema zitachelewa, huenda mpaka Desemba. Kwa hiyo jana kulikuwa na kikao cha kutoa taarifa ya mabwawa, watu wamejaa kila kiti, na wageni kutoka ofisi kubwa. Mama Ramani alikuwa anaonyesha ukutani, bwawa moja moja, lenye maji, lililokauka. Alipofika kwenye kilima chetu akasema, "Hili limekauka tangu Septemba."

Nilikuwa nyuma, karibu na feni. Barua yako nilikuwa bado sijamwonyesha, niliona haya. Nikasimama. Sikujua nimesimama mpaka vichwa vilipogeuka. Nilitembea mpaka mbele, nikaweka kidole ukutani, juu ya ile kahawia tupu.

Nikasema, "Hapa pana maji."

Mama Ramani akaniuliza nimejuaje. Nikawaambia habari za majamvi, zote, kwa sauti, mpaka mwisho. Mmoja wa wageni aliinuka, akavua miwani, akasogea mpaka pua yake ikakaribia ukuta. Wengine wakamfuata. Walisimama pale wote, Bibi, wanatazama mahali ambapo hapaonekani chochote.

Mjukuu wako.